Sabuni ya mwani kutoka Paje: nimeitumia, kisha nikaenda kujifunza kuitengeneza

Kabla sijasifu chochote, nieleze kwa nini nilikawia kuigusa. Mwaka juzi nilimpelekea mama yangu vipande vitatu vya sabuni ya mkono, nilivyonunua kwa muuzaji mmoja hapa Dar es Salaam. Vilipendeza machoni: manjano iliyokolea, vimefungwa kwa uzi wa katani, harufu ya mchaichai. Mama aliogea siku tatu. Siku ya nne ngozi ya vidole ilikuwa imekakamaa na kupasuka kwenye viungo, hata kukamua ndimu akawa hawezi. Nilipompigia muuzaji akanijibu kwamba ngozi itazoea. Haikuzoea. Mama akarudi kwenye sabuni yake ya mche ya siku zote, na tangu hapo ukimtajia sabuni ya mkono anakunja uso.

Ndiyo maana binamu yangu aliporudi kutoka Unguja Desemba iliyopita na kipande cha sabuni ya mwani, kilikaa kabatini wiki mbili bila kuguswa. Harufu ndiyo iliyonishinda. Kila nikifungua kabati kutafuta taulo, karafuu inanipokea. Nikakitoa.

Kipande ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kwenye mizani ya jikoni kilisoma gramu 110. Rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ndani kuna punje za mwani uliosagwa, nyingine kijani iliyofifia, nyingine zambarau. Pembe hazilingani, unaona kabisa mahali kisu kilipopita. Juu pana utando mweupe kama vumbi la chaki, ambao baadaye niliambiwa ni magadi: kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iliyokuwa juu imekutana na hewa kabla haijaliwa na mafuta. Hauna ubaya, unaondoka siku ya kwanza ya kuoga.

Nakaa Kigamboni na nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Kwa maji haya sabuni nyingi za dukani zinakatika: badala ya povu unapata uchafu mweupe unaong'ang'ania kwenye ndoo na kwenye nywele. Hii ilitoa povu, tena zito, na ilisuuzika bila kuniachia ule utelezi wa kukasirisha. Sababu ni mafuta ya nazi. Sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, na zamani mabaharia waliipenda kwa ajili hiyo. Watu wa Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja ambako sabuni hii inatoka, visima vyao vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Baada ya mwezi mmoja ngozi yangu ilikuwa salama na kipande kimebaki kama jani. Nikataka kujua hawa wamefanya nini ambacho yule wa kwanza hakufanya. Kikundi cha akina mama wa Paje wanaoitengeneza hufundisha darasa la nusu siku, mimi nililipa shilingi 45,000. Februari nikapanda boti.

Saa ya darasa hupangwa na bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kuliko kawaida, maji yakitoka, akina mama wote wako huko chini wanafunga mwani kwenye kamba, hakuna wa kukufundisha. Niliambiwa nije saa nane mchana, maji yakiwa yameanza kurudi, na nilipofika wengine walikuwa ndiyo kwanza wanapanda kutoka ufukweni, khanga zimelowa mpaka kiunoni, viroba kichwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989, hapo hapo Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Wanapanda aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei, lakini joto la maji mafupi linaiua. Spinosum inastahimili zaidi, na bei yake ni ndogo. Mtu anafunga, anavuna, anabeba, anakausha, kisha gunia linakwenda ng'ambo kwa fedha isiyolingana na mgongo wake. Sabuni ilikuja kama njia ya kuubakiza mwani kidogo hapo kijijini na kuuuza ukiwa kitu kilichokamilika. Kwangu mimi hiyo peke yake ilitosha kuwaunga mkono, ila sabuni ingekuwa mbaya ningesema vilevile.

Tulikuwa wanafunzi wanne. Shikamoo zikaisha, mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akatuvalisha glavu na miwani. "Leo hamna kupika, wanangu," akasema, akalishika kopo la kostiki soda. "Moto wenyewe umo humu." Sote tulizoea kusema watu wanapika sabuni, na kweli zipo sabuni za kupikwa, lakini hii haioni jiko. Akapima maji, akayaweka kwenye ndoo nene ya plastiki, akatia kostiki humo kidogo kidogo huku akikoroga na kugeuza uso pembeni. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanaweza kukurukia. Ndoo iliyokuwa baridi dakika moja iliyopita sikuweza kuishika. Mvuke ukanikaba koo nikiwa hatua mbili mbali, na kazi yote hiyo ilifanyika nje, upande upepo unakokwenda. Na sufuria zetu za kila siku zimepigwa marufuku kabisa: nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini, inachemka na kutoa gesi inayoshika moto. Plastiki nene au chuma cha pua tu.

Halafu akafungua daftari. Naliweka hili daftari mbele ya kila kitu nilichokiona siku ile. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi mpaka yote yawe sabuni. Kilo ya alizeti hula kama 135. Nyonyo, 128. Mchanganyiko wetu ulikuwa nazi gramu 700, alizeti 200, nyonyo 100; ukijumlisha inatoka karibu gramu 168 za kostiki, kisha tukapunguza asilimia 7, tukapima 156. Kile kilichopunguzwa ndicho kinachoacha mafuta kidogo bila kuliwa, na hayo mafuta ndiyo yanayoilinda ngozi.

Nikamsimulia habari ya mikono ya mama. Akaniuliza ile sabuni ilikuwa ya mafuta gani. Sikujua. Akaniambia kwamba nazi ikipanda bei wapo wanaobadilisha, wanatia alizeti badala ya nazi, na kostiki wanaiacha vilevile kama walivyofundishwa mwanzo. Akaandika daftarini: 183, akatoa 135. Zikabaki 48.

"Hizi arobaini na nane zimekosa mafuta ya kula," akasema. "Zinangoja mkono, mwanangu."

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea kwa yule muuzaji. Inawezekana pia aliuza mapema mno. Lakini tangu siku ile, nikitaka kununua sabuni ya mkono kwa mtu nisiyemjua, namuuliza kwanza kama anapima kwa mizani au kwa kikombe. Anayepima kwa kikombe simnunui.

Kukoroga ndiyo sehemu tamu. Mafuta na maji ya kostiki vikikutana vinakataana kwanza, vinasimama mbalimbali. Unakoroga, rangi inafifia kama maziwa, mwiko unaanza kuwa mzito, inakuwa uji. Unachota kidogo unachora mstari juu yake. Mstari ukibaki bila kuzama, imeshika. Hapo ndipo kila mtu anatia vya kwake, na hapo ndipo nilipoona ubunifu wa hawa mama. Mmoja ana manjano aliyoiloweka kwenye mafuta ya nazi siku nyingi, akaimimina kwa mstari mwembamba, ikapita ndani ya sabuni kama mshipa. Mwingine hutia liwa, unga wa mti unaonukia, akaniambia aliitoa kwenye singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bibi harusi, siku ya harusi ya mwanawe, akaona kwa nini bibi harusi peke yake ndiye anukie. Mwani wenyewe huoshwa mpaka chumvi iishe, hukaushwa tena, husagwa. Mwani mwingine wanauchemsha mpaka utoe ute unaovutika kama bamia, nao unachukua nafasi ya sehemu ya maji. Kipande chenye ute kinateleza mkononi kwa namna ambayo unga peke yake hauwezi.

Mimi nilichagua karafuu. Mafuta yake yanatoka Pemba, ambako kiwanda cha Wawi hutoa mafuta kwenye makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Tulipimiwa gramu 5 kila mmoja. Wenzangu walidondosha. Mimi nikamimina zote mara moja, nikaweka mwiko chini nimsikilize mtu aliyekuwa ananiuliza jambo, na nilipogeuka uji ulikuwa umeshakuwa ugali. Ulikuwa na moto, unavuta mwiko. Mwalimu hakusema kitu kwanza. Alikuja, akaukandamiza kwa nguvu kwenye kalibu ya mbao, akaipigiza kalibu mezani mara tano sita ili hewa itoke. Kisha akanieleza: karafuu inaharakisha sabuni kushika, basi hutiwa mwisho kabisa, kidogo kidogo, mwiko ukiwa unatembea. Na haizidishwi, kwa sababu karafuu nyingi inawasha.

Kalibu hufunikwa kwa khanga kuukuu usiku kucha ili joto lisitoroke. Asubuhi sabuni hukatwa, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Walinipeleka chumba cha nyuma chenye rafu za fito kutoka sakafuni mpaka darini, kila rafu imeandikwa tarehe kwa chaki. Nikapewa kipande cha wiki moja mkono huu na cha wiki sita mkono huu. Cha wiki moja kilipokea alama ya kidole gumba kama jibini, na kilikuwa baridi, bado kina maji. Cha wiki sita kilikuwa kikavu, kigumu, chepesi, nikikigonga kwa ukucha kinalia. Mwalimu akagusisha ncha ya ulimi kwenye kile cha wiki sita, akaniambia nami nifanye. Ladha ya sabuni, basi. Kingekuwa na kostiki iliyobaki kingechoma kama kugusa betri kwa ulimi. Hakitoki rafuni kabla ya wiki nne, na zenye nazi nyingi wanazipa sita. Bei ya shilingi 8,000 inatoka kwenye rafu hizi. Mteja anayenung'unika kwamba kipande cha dukani ni cha elfu mbili namwelewa, maisha ni magumu, lakini anunue akijua kuna mtu amekitazama kipande hiki wiki sita bila kupata hata senti.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Ukiiacha kwenye kisahani kinachotuama maji inayeyuka haraka. Gliserini yote imebaki ndani na inavuta unyevu, kwa hiyo iweke mahali pa kuchuruzika. Kifungashio cha ukindu ni kizuri sana, ila wakati wa masika cha kwangu kiliota ukungu, nikalazimika kukitupa. Ile ya karafuu usiipake usoni, inachonyota karibu na macho. Na kubwa kuliko zote: kipande hakina tarehe ya kutengenezwa. Tarehe zimeandikwa kwa chaki rafuni, mteja hazioni. Niliwaambia hili ana kwa ana, wakalipokea vizuri.

Jingine. Njiani kutoka barabara kuu hadi kwao wapo wanaokuambia sabuni ya mwani inaponya fangasi, inatoa madoa, inarudisha ujana. Akina mama niliokaa nao hawakuniambia hayo, nami sikuyaona. Sabuni inakaa mwilini dakika moja, kisha inakwenda na maji. Nilichopata ni ngozi isiyokauka na povu kwenye maji ya chumvi, na hivyo ndivyo nilivyovihitaji.

Kipande changu kilichogeuka ugali nilikuja nacho nyumbani, nikakiandika tarehe kwa msumari, nikakiweka juu ya kabati la jikoni. Kina mashimo, kimeinama upande mmoja. Wiki ya sita ilipotimia nikakigusa kwa ulimi, nikakitumia wiki nzima peke yangu, kisha nikamwekea mama kwenye beseni lake. Aliniuliza kama ndiyo zile. Nikakaa naye nikamwandikia zile hesabu kwenye karatasi, 183 na 135, mpaka tukafika 48. Aliitazama karatasi kuliko alivyoitazama sabuni. Halafu akanawa.

Huu ni mwezi wa pili anakitumia, na mikono yake iko salama. Juzi ameniomba nimwagizie vingine, vya mchaichai safari hii, maana karafuu anasema inamkumbusha daktari wa meno. Nimeagiza sita, na nimeomba kila kimoja kiandikwe tarehe.