Tathmini ya "Jaribu Bure Siku 7": kuingia chapuchapu, kutoka shughuli pevu

Kinachopimwa hapa si aplikesheni moja, ni ofa yenyewe: yale majaribio ya bure yanayonadiwa na aplikesheni za mazoezi, usingizi, lugha na kuhariri picha. Zifungue kadhaa kwa mpigo utaona skrini zilezile kwa mpangilio uleule, kana kwamba zimeshonwa na fundi mmoja. Alama: nyota 2 kati ya 5, na zote mbili ni za ufundi wa kushawishi.

Mlangoni kuna dodoso la maswali 20 hata 30. Unalala saa ngapi? Nini kinakukwamisha? Urefu huo ni wa makusudi, maana mtu aliyekwisha kujieleza kwa dakika nane huona uchungu kuondoka mikono mitupu. Likiisha, unakuja mstari unaojaa polepole wenye maneno "tunaandaa mpango wako", unasuasua kwenye asilimia 87, kisha unamalizia. Mara nyingi hakuna kinachoandaliwa. Ni mchoro tu uliopangiwa sekunde zake. Kuhakiki ni rahisi: jaza dodoso mara mbili, mara ya pili ujibu kinyume kabisa. Mpango ukitoka uleule, maswali yalikuwa mapambo.

Ukurasa wa bei ndio wenye ufundi hasa. Tuseme kwa wiki ni 5, kwa mwaka ni 40. Bei ya wiki haikuwekwa ili inunuliwe; imewekwa ili izidishwe. Mara 52 inakuwa 260, na hapo 40 inavishwa utepe wa "punguzo la 85%" ingawa hakuna aliyewahi kutozwa 260. Kisha 40 inagawanywa tena kwa 52, na kinachoandikwa kwa herufi nene ni 0.77 kwa wiki. Kiasi kitakachokatwa kwa mkupuo siku ya nane kiko chini, kijivu juu ya cheupe. Kitafute hicho kwanza. Kama lazima uvute skrini ili ukione, toa nyota moja papo hapo. Katika Umoja wa Ulaya, anayetangaza kuwa ameshusha bei hutakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia, kwingineko mara nyingi ni kazi yako kuuliza "punguzo kutoka wapi?"

Saa inayorudi nyuma kutoka 14:59 ni mtego wa zamani. Fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ikianza upya, basi ofa haina mwisho. Muda umehifadhiwa kwenye kidakuzi chako tu, yaani kijifaili ambacho tovuti huacha kwenye kivinjari chako. Ofa yenye mwisho wa kweli hutaja tarehe, na tarehe ni moja kwa watu wote. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliyabana makampuni sita ya kuweka nafasi za hoteli, yakaahidi kuacha kumpa mteja picha ya uongo kuhusu uhaba wa vyumba na umaarufu wa hoteli. Saa hizi ni ndugu wa mchezo huo.

Nyota za watumiaji zisikutie wazimu. Ombi la "tupe maoni" huletwa pale mtu amemaliza zoezi la kwanza na moyo bado una furaha, kabla kadi haijaguswa. Panga maoni kwa tarehe, soma ya nyota 1 hadi 3, na tafuta neno "nimekatwa".

Tukija kwenye kutoka, ndipo ofa inapoanguka. Kesi iliyofunguliwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, mwaka 2023 dhidi ya Amazon ilieleza kwamba njia ya kusitisha Prime, uanachama wa kulipia wa duka hilo la mtandaoni, ilikuwa na kurasa 4, mibofyo 6 na machaguo 15, na kwamba ndani ya kampuni iliitwa "Iliad", jina la utenzi mrefu wa vita vya Troya. Aliyelichagua alijua anachojenga! Shauri likaisha Septemba 2025 kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, Amazon bila kukiri kosa. Aplikesheni ndogo hutumia zana hizohizo: kitufe cha kubaki kina rangi, cha kuondoka ni maandishi hafifu yanayosema "hapana, sijali afya yangu".

Kosa linalowagharimu wengi ni kufuta aplikesheni wakidhani wamejitoa. Usajili haumo ndani ya aplikesheni. Upo kwenye akaunti yako ya duka la simu, au kwenye tovuti ya muuzaji kama ulilipia huko. Kufunga kadi nako hakuvunji mkataba, na deni linaweza kubaki.

Ukitaka kujaribu, piga picha ya skrini ya bei kabla ya kukubali, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya usajili ya akaunti yako, usitishe siku hiyohiyo. Mara nyingi huduma huendelea hadi siku ya saba, ila baadhi huizima palepale, kwa hiyo soma ujumbe wa uthibitisho kabla ya kubofya. Ikiwa ni ya kuzimwa palepale, weka kengele siku ya tano. Usingoje ya saba: Apple, kwa mfano, hutaka usitishe angalau saa 24 kabla ya muda kuisha, na siku saba zinahesabiwa tangu saa uliyojiunga, si tangu usiku wa manane.

Zipo zinazotuma ukumbusho siku mbili kabla ya kukata, zikitaja kiasi na kuweka kiungo cha kujitoa kwenye ujumbe huohuo. Hizo zipewe 4.