Kununua intaneti Tanga mjini: ipi ianze, ipi ifuate

Mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inaombwa mtandaoni. Matokeo ya mtihani wa mtoto yako mtandaoni, na kazi za serikali zinaombwa kupitia Ajira Portal. Kwa hiyo mama anayeuza vitumbua Makorora naye ni mnunuzi wa intaneti, apende asipende, na shilingi anayoitoa lazima imnunulie kitu cha maana. Nimezipanga hapa njia zilizopo kwa kigezo kimoja: fedha ile ile inahudumia watu wangapi, na kwa muda gani.

1. Ruta ya 4G ya kuchangia

Hiki ni kifaa kinachowekwa laini ya simu kikagawa waifai, nami nakiweka juu bila kusita. Nyumba zetu za Ngamiani zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Waifai moja inawatosha wote. Tuseme nyumba ina vyumba sita na kila chumba kinajiunga bando la buku kila siku. Kwa mwezi hiyo ni shilingi 180,000, na bado kila mtu analia bando limekata. Ulizia bei ya kifurushi cha mwezi cha ruta, ongeza bei ya ruta yenyewe iliyogawanywa kwa miezi 12, kisha gawa kwa sita. Linganisha na ile 30,000 ya kila chumba.

Usinunue kabla ya kupima. Mtandao unaokimbia Chumbageni unaweza kujikokota Duga. Azimeni laini za watu wa nyumba hiyo hiyo, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, mziweke kwa zamu kwenye simu moja yenye 4G, pale pale ruta itakapokaa. Pimeni kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wengi wakiwa mtandaoni. Asubuhi na mapema karibu kila mtandao unapendeza.

Muuzaji ana maswali mawili ya kujibu. Je, ruta imefungwa kwa mtandao mmoja au inapokea laini yoyote? Na hicho kifurushi cha "bila kikomo", kasi inashushwa baada ya GB ngapi? Akilikwepa la pili, nenda duka jingine.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Bati huzuia mawimbi, na kuta nene za mawe za nyumba kongwe huzuia zaidi. Iweke juu, karibu na dirisha, na utumie waifai ya 2.4 GHz, maana inapenya ukuta vizuri kuliko ya 5 GHz. Umeme ukikatika ruta isiyo na betri inazimika, basi tafuteni yenye betri ndani, au betri ya akiba yenye volti inayolingana na ya ruta. Mtu mmoja ashike daftari la michango, na nenosiri libadilishwe kila mpangaji anapohama.

2. Faiba

Kwa mwenye nyumba yake, mwenye watoto wanaosoma au kazi inayofanyika kwenye kompyuta, faiba, yaani intaneti inayoletwa kwa waya hadi nyumbani, inaipita ruta: usiku haiyumbi ovyo. Nimeiweka ya pili kwa sababu mpangaji akihama waya unabaki. Pia Mkongo wa Taifa, waya mkuu wa intaneti wa nchi, unapita Tanga kuelekea Horohoro, lakini hilo halina maana kwamba waya umefika mtaani kwako. Kaulize TTCL kwa jina la mtaa, na uulize gharama ya kufungiwa kabla ya gharama ya mwezi. Usitegemee faiba ikuepushe na kila tatizo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti kutoka nje, zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima.

3. Bando la mwezi kwenye simu

Linamfaa anayeishi peke yake, au mke na mume wanaorushiana hotspoti. Gawa bei kwa idadi ya MB, lakini kwanza toa zile MB za usiku na za mitandao ya kijamii pekee, kwani hazitakusaidia kujaza fomu mchana. Kama mtandao mwingine una nguvu zaidi kwako, hamia huko na namba yako ile ile; tangu Machi 2017 ni haki ya mteja.

4. Intaneti kafe

Kwa fomu ndefu na kuchapa nyaraka, bado inalipa. Hakikisha umetoka kwenye akaunti zako kabla hujainuka kitini.

5. Bando la saa na la siku

Liwe la dharura tu. Ndilo linalonunuliwa zaidi na wenye kipato kidogo, na mara nyingi ndilo ghali zaidi ukihesabu kwa MB. Linaniuma kwa sababu hiyo.

Akiba mtakayopata kwenye ruta, tengeni sehemu mumlipe kijana wa nyumba aliyemaliza kidato cha nne awafundishe akina mama na wazee kila Jumamosi. Somo la kwanza ni kuzima WhatsApp isipakue picha na video yenyewe. La pili ni barua pepe: wengi wamefunguliwa na fundi wa simu, nenosiri analo yeye, na siku ya kuomba mkopo hawawezi kuingia. Kila mtu afungue yake, aandike nenosiri kwenye daftari na kulifungia ndani. Kisha wafundishwe kupiga *106# waone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao cha NIDA, na kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040. Namba ya siri na tarakimu za uthibitisho haombwi mtu kwa simu, hata anayepiga ajiite ofisa wa mtandao.