Cherehani ndogo ya umeme kwa jinzi zilizoraruka: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu Umoja, Nairobi, suruali za jinzi hutoka soko la mitumba la Gikomba na huvaliwa hadi zichoke, na aghalabu huchoka mapajani kwa ndani, ambapo kitambaa husuguana mtu anapotembea, kisha magotini. Nilinunua cherehani ya umeme ya mezani, ya aina inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani, kwa kusudi hasa la kutia viraka, nami naieleza hapa kwa kazi hiyo tu, kwa kuwa sijaishonea gauni wala pazia.

Mapajani imenitosha kuliko nilivyotarajia. Mimi hukata kipande cha jinzi kuukuu, chepesi kuliko suruali yenyewe ili kisimkere mvaaji, nikakibana kwa pini upande wa ndani, kisha nikashona mistari iliyokaribiana ya kwenda na kurudi hadi nivuke kingo za tundu pande zote, kwani kitambaa kinachozunguka tundu huwa nacho kimekwisha kukonda. Kiraka kisionekane ni suala la kuujua ufumaji wa jinzi: nyuzi za wima hutiwa rangi ya nili na za mlalo huachwa nyeupe, kwa hiyo uzi wa buluu iliyopauka ukifuata wima wa suruali, jicho huuona kuwa sehemu ya kitambaa. Mshono wa zigizaga, ambao kijitabu cha maelezo kinausifu, huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nimeuachia suruali za kuchezea za watoto.

Sindano iliyokuja ndani ya mashine haifai kwa kazi hii. Jinzi hutaka sindano yake maalumu, namba 100/16, au 110/18 ikiwa kitambaa ni kizito, na uzi wa poliesta badala ya pamba; bila hivyo mashine huruka mishono, na mwenye mashine huanza kuishuku mota isiyo na hatia. Vyote hivyo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ushonaji katikati ya mji, na bei yake si ya kumfanya mtu asite.

Goti ni kazi nyingine kabisa. Ingawa sanduku la mbele la mashine huchomolewa na kuacha mkono mwembamba, mguu wa suruali iliyobana bado haupiti hapo, kwa hiyo hulazimu kufumua mshono wa ubavuni, ule ambao kwa kawaida haukushonwa mara mbili kwa juu, kutia kiraka kitambaa kikiwa kimelala bapa, halafu kuufunga tena. Kufumua huchukua muda mrefu kuliko kushona.

Udhaifu wa mashine hujitokeza palipo na matabaka mengi. Pindo linapokutana na mshono wa ubavu, mota hunguruma na kusimama, na njia pekee ni kuzungusha gurudumu kwa mkono, huku kipande cha jinzi kilichokunjwa kikiwekwa nyuma ya mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ili ulale sawa. Kwenye kona za mifuko, penye zile ribiti za shaba, vijisumari bapa vya kuimarisha kona, ambazo Jacob Davis na Levi Strauss walizipatia hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1873, nashona kwa kuzizunguka, kwa kuwa sindano ikizigonga huvunjika na kipande chake huweza kuruka usoni. Suruali iliyoachana pale chini ya zipu, mishono minne inapokutana, naipeleka bado kwa fundi wa mtaani, ambaye cherehani yake nzito ya kanyagio hupita hapo bila kulalamika.

Kwa bei niliyolipa sijuti, ila mwenye suruali moja tu ya kutia kiraka ataona nafuu kwa fundi. Na anayewazia mashine ya mtumba iliyotoka Marekani aangalie kwanza kibandiko cha umeme: nyingi zimeundwa kwa volti 120, ilhali soketi zetu hutoa 240, na kuichomeka bila transfoma ni kuiunguza.