Cherehani ndogo za betri, nimejaribu kushonea pochi

Jamani na mimi nikaingia mkumbo nikanunua zile cherehani ndogo za plastiki zilizojaa Kariakoo, 45,000 baada ya kuvutana sana maana jamaa alianzia 65,000. Ndani ya boksi kuna mashine, pedali, adapta, bobini kadhaa na kasindano ka akiba. Inatumia umeme au betri 4 kama zile za saa ya ukutani.

Nilitaka pochi ya mkononi ya kwendea harusini, nina vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi nikaona visikae bure. Nikakata viwili inchi 11 kwa 8, bitana viwili vipimo hivyohivyo, na kile kitambaa kigumu cha gundi wanachowekaga kwenye kola za mashati nikakigandisha kwa pasi nyuma ya kitenge, bila hicho pochi inalegea kama soksi.

Kujaribu kwanza kitenge na bitana peke yake raha tupu, mshono umenyooka, ila kelele sasa, utadhani mtu anasaga juisi. Balaa likaanza kwenye zipu. Pale chini ya sindano kuna kitenge, ile gundi, utepe wa zipu na bitana kwa pamoja, basi mashine inaguna inasimama, nazungusha gurudumu kwa mkono inashona mbili inaruka tatu, kugeuza chini uzi umejisokota kama kiota cha ndege. Nikaweka sindano namba 14 ikawa afadhali kidogo, nikajipa moyo nikashona pembeni, kufika kwenye kona ambako ncha ya zipu imekutana na matabaka yote, sindano tak, ikakatika. Na hiyo yangu haikuja na mguu wa zipu, kale kachuma kembamba ka kubania kitambaa unapotaka kushona karibu na meno ya zipu, kwahiyo mshono unakaa mbali na meno, ukifungua pochi utepe wote unaonekana, aibu.

Nikapeleka kwa mama mdogo ana cherehani yake ya Butterfly ya kukanyaga ya tangu sijazaliwa. Akaitazama weee, akasema "mwanangu hii si pochi, zipu umeifunga mpaka mwisho na pembeni umeshashona, utaigeuzia wapi?" Kweli bwana, pochi unaishona ndani nje halafu unaigeuza, kwahiyo zipu inatakiwa uiache wazi nusu ndo ushone pembeni, na chini ya bitana uache nafasi ya kupitisha mkono. Akafumua yote, akashona upya, zile kona Butterfly ilizipita hata haikuguna.

Kwangu ni nyota 2 kati ya 5. Foronya, pindo la pazia, suruali iliyofumuka, hapo inafaa na haichukui nafasi. Pochi, begi, jinzi, usijisumbue, heri udunduize utafute ya kukanyaga iliyotumika. Nilijaribu kuirudisha, jamaa akanionyesha risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Ila ina taa ndogo inamulika vizuri, umeme ukikatika natumia kuandalia chakula.