Kusikiliza maji au kuyapigia mwangwi

Kwa sisi tunaoishi Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, namna ya kujua hali ya viumbe wa majini si swali la watu wa pwani peke yao. Njia ya kwanza ni kuzamisha maikrofoni ya majini na kusikiliza tu: kwa kuwa sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani, chombo kimoja baharini hunasa usiku na mchana nyimbo za nyangumi walio mbali, kamba wa miamba ya matumbawe wanaofyatua magando yao, na kelele za meli zinazowasumbua wote hao. Njia ya pili hutuma mlio na kupima mwangwi unaorudi, hivyo humgundua hata samaki aliye kimya.

Kwa Ziwa Kivu ningechagua ya pili. Sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huishi kwa makundi katika tabaka la juu, kwa sababu vilindini hakuna oksijeni. Mwangwi huyaonyesha makundi hayo vizuri, ingawa wavu bado unahitajika kuthibitisha ni samaki gani. Kelele za boti ziendazo Goma, hata hivyo, hupimwa kwa kusikiliza tu.