Toward the Margins: besi ya Barry Guy, ila usiisikilize kwa spika ya simu

Nianze na hilo kabisa maana mi nilikosea. Kasha la sidii ya albamu hii lilifika limepasuka, nikawa na hasira tayari, nikaihamishia kwenye simu nikabonyeza plei, nikasikia vitu vinakwaruza tu kama panya darini, nikajua hapa nimeliwa hela. Kesho yake nikavaa hedifoni, aisee, kumbe besi yote ilikuwa haitoki! Uzi mnene wa besi ya kusimama unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, kispika cha simu kitaitolea wapi hiyo.

Basi hii ni albamu ya Evan Parker Electro-Acoustic Ensemble, lebo ya ECM waliitoa 1997. Bendi ni ya Parker na saksofoni yake ya soprano lakini mi nilimfuata Barry Guy, Mwingereza wa ile besi kubwa kama kabati mnayoiona kwenye taarab ya Zanzibar, sema huyu haidonoi tu kwa vidole, anaburuza upinde, anagonga mbao, anachomeka vijiti katikati ya nyuzi halafu anavipiga na vyenyewe.

Guy, Parker na mpiga ngoma Paul Lytton walikuwa wameshazoeana miaka kibao. Humu wameongezewa Waitaliano wawili, Walter Prati na Marco Vecchi, ambao kazi yao ni kudaka sauti ya mwenzao palepale, kuigeuza kwenye mashine na kumrudishia kabla hata hajamaliza alichoanza, yaani Guy anavuta upinde mara moja, punde sauti yake mwenyewe inamjia imerefushwa au imekatwakatwa mpaka haifanani na besi, na inabidi aijibu hivyo hivyo, hamna noti zilizoandikwa za kukimbilia. Kuna pahala nimerudia mara tatu na bado sijui anajibizana na mtu au na kivuli chake. Wa sita ni Philipp Wachsmann, fidla na elektroniki, na huyu bwana kazaliwa Kampala, baba yake ndo yule Klaus Wachsmann aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Dunia ndogo.

Guy mwenyewe kaanzia ofisi ya wasanifu majengo, akaenda kusoma muziki chuo cha Guildhall, London. Mwaka 1970 yumo kwenye bendi ya Iskra 1903 na Paul Rutherford na Derek Bailey, trombone, gitaa na besi bila ngoma, kisha akaanzisha London Jazz Composers Orchestra, na katikati ya vurugu zote hizo alikuwa anapiga muziki wa kizamani wa Ulaya na okestra ya Academy of Ancient Music. Mi naona huko ndo alikoupata ule mkono, maana hata mashine zichafuke vipi, upinde wake unasikika msafi.

Kama unataka kitu cha kutikisa kichwa au kuwekea wageni, achana nayo, hamna mdundo wala kiitikio. Mi naisikiliza usiku, taa imezimwa, na siimalizi kila mara.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu kuna sehemu mashine zinammeza Guy kabisa unabaki na ukungu tu, na mi nililipia besi.