Viatu vya kukimbilia marathoni: kipi kianze, kipi kifuate, kipi uachane nacho

Dukani hakuna kiatu kibaya. Soli inadunda, rangi inawaka, na ukipiga hatua mbili tatu sakafuni unaona kabisa muda wako utashuka. Kipimo cha kweli kinakuja kilomita ya 30, mapaja yakishakuwa mazito, hatua zimefupika na kisigino kimeanza kulalia upande. Hapo bado una kilomita 12 na ushei mbele yako, na kiatu kinachokufaa ni kile ambacho wakati huo kinakubeba bila kukuyumbisha.

Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa wepesi wa kiatu wala kwa majina ya waliokivaa. Nimempangia mtu anayemaliza marathoni kwa muda wa saa tatu na nusu hadi saa tano, kwa kuwa huko ndiko tuliko wengi. Kwa mwenye kasi kuliko hapo, nafasi mbili za juu zinabadilishana, na nitasema wapi.

Asilimia 4 ya nani?

Habari ya viatu hivi inaanzia 2017, Nike ilipotoa Vaporfly 4%. Namba iliyo kwenye jina ilitoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado: aliyevaa kiatu hicho alitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4 akilinganishwa na alipovaa viatu bora vya mashindano vya wakati ule. Baada ya hapo rekodi zilianza kuanguka. Eliud Kipchoge alikimbia 2:01:39 mjini Berlin mwaka 2018. Brigid Kosgei akafuata na 2:14:04 mjini Chicago mwaka 2019. Mwaka 2023 Tigst Assefa akaishusha ya wanawake hadi 2:11:53 huko Berlin, na wiki mbili baadaye Kelvin Kiptum akapiga 2:00:35 Chicago. Wote walikuwa juu ya soli nene ya sponji nyepesi, ndani yake kukiwa na bamba au vijiti vigumu vya kaboni.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni nani hasa walipimwa. Walikuwa wanaume 18 wenye uwezo wa kukimbia kilomita 10 chini ya dakika 31, na walipimwa kwa kasi ya kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Sasa piga hesabu: kilomita 14 kwa saa, ile ya chini kuliko zote, ni marathoni ya saa tatu. Mtu wa saa nne anakwenda kilomita 10 na nusu kwa saa. Watafiti wengine walipowapima watu kwa kasi ya kilomita 10 na 12 kwa saa, wastani wa faida ulishuka hadi kukaribia asilimia 1, na wapo waliotumia nguvu nyingi zaidi wakiwa na kiatu cha kaboni. Hata kwa wenye vipaji vya dunia mambo hayalingani. Utafiti uliochapishwa 2023, uliowahusisha wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu kabisa, ulikuta wapo walionufaika kwa zaidi ya asilimia 10 na wapo waliopoteza kiasi kama hicho.

Kuna jambo jingine linalofaa kujulikana kabla ya kutoa pesa. Wengi wanadhani bamba la kaboni ni springi inayomrusha mtu mbele. Watafiti waliwahi kuchukua Vaporfly, wakalikatakata bamba lake kwa kulivuka upana ili lisiwe gumu tena, wakawapima wakimbiaji upya. Matumizi ya nishati hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kazi kubwa inafanywa na sponji, hasa ile ya PEBA, ambayo ni nyepesi, inabonyea sana na inarudisha sehemu kubwa ya nguvu uliyoibonyeza nayo. Ukilishika hili moja, orodha inayofuata haitakushangaza.

Nafasi ya kwanza: sponji ya PEBA yenye bamba laini, au isiyo na bamba

Hapa nawaweka Saucony Endorphin Speed, wenye bamba la nailoni, na Hoka Mach X, wenye bamba la plastiki. Unapata ile sponji inayofanya kazi kubwa, lakini kiatu kinakubali kupinda na mguu wako. Soli yake kwa kawaida ni pana kuliko ya kiatu cha mashindano makali, na mtu aliyechoka anauhitaji sana upana huo.

Faida nyingine ni kwamba unaweza kukitumia mazoezini wiki nzima: mbio ndefu, mazoezi ya kasi, hata siku za kukimbia polepole. Siku ya mashindano mguu wako unakuwa umekizoea, haukutani na jambo geni. Kwa mtu mwenye bajeti ya jozi moja tu, mimi sina mjadala, anunue kundi hili.

Asics Superblast nayo inapendwa, na haina bamba kabisa. Ila soli yake inazidi milimita 40, ambazo ndizo mwisho wa kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, kwa mbio za barabarani tangu 2020. Kanuni hizohizo haziruhusu zaidi ya bamba moja. Kwa anayekimbia kwa afya na muda wake mwenyewe si tatizo. Anayewania zawadi au nafasi ya kufuzu aangalie kwanza orodha ya viatu vilivyoidhinishwa.

Nafasi ya pili: kaboni iliyotulia

Ukikimbia chini ya saa tatu na robo hivi, hii ndiyo nafasi yako ya kwanza. Vaporfly wamo, Adidas Adizero Adios Pro wamo (wao wana vijiti vigumu badala ya bamba zima), Saucony Endorphin Pro, Puma Deviate Nitro Elite, na Asics Metaspeed. Metaspeed wanatoka kwa aina: Sky kwa anayeongeza kasi kwa kurefusha hatua, Edge kwa anayeongeza idadi ya hatua. Kama hujui wewe ni yupi, mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, kwanza ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida kisha ukikimbia kwa kasi, uhesabu hatua za dakika moja kila mara. Idadi ikipanda sana, Edge. Ikibaki karibu palepale, Sky.

Nimesema "iliyotulia" kwa sababu kaboni si moja. Kigeuze kiatu utazame soli kwa chini. Kipo ambacho sehemu ya katikati imechongwa ikawa nyembamba kama kiuno cha nyigu, na kipo ambacho upana unashuka taratibu kutoka vidoleni hadi kisiginoni; hicho cha pili ndicho kilichotulia. Kisha kivae, simama kwa mguu mmoja, kunja goti kidogo, ukae nusu dakika. Kifundo kikicheza huku na huku ukiwa mzima dukani, fikiria kilomita ya 35. Rudia kwa mguu wa pili, maana mara nyingi mmoja ni dhaifu kuliko mwenzake.

Tahadhari ninayoisisitiza ni ya mifupa. Madaktari wa michezo wameandika kuhusu wakimbiaji waliopata ufa kwenye navicular, mfupa mdogo ulio katikati ya mguu kwa juu, baada ya kukimbilia viatu vya kaboni. Ni jeraha linalopona polepole sana. Maumivu yasiyoeleweka sehemu hiyo hayavumiliwi hata siku moja: acha kukimbia, nenda hospitali. Na viatu hivi vianze kwa dozi ndogo, kilomita 5 au 6 ndani ya zoezi la kasi, halafu uongeze. Mbio za polepole za kila siku zifanyie kiatu kingine.

Nafasi ya tatu: raba zako za mazoezi

Kwa anayekimbia marathoni yake ya kwanza na lengo lake ni kuvuka mstari, raba alizozizoea zinatosha, na wala asisikie aibu. Kila gramu 100 zinazoongezeka kwenye kiatu zinagharimu takriban asilimia 1 ya nishati. Raba ya mazoezi yenye gramu 280 dhidi ya kiatu cha mashindano chenye gramu 200 haifiki hata asilimia hiyo moja kwa upande wa uzito peke yake. Malengelenge yaliyopasuka kilomita ya 20 kwa ajili ya kiatu kipya yanakula zaidi ya hapo.

Nafasi ya nne: Alphafly na ndugu zake

Toleo la majaribio la Alphafly ya Nike ndilo Kipchoge alilovaa Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia 1:59:40 katika mbio ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Ni kiatu cha ajabu, chenye vifuko viwili vya hewa chini ya sehemu ya mbele ya mguu. Kinamlipa anayetua kwa mbele, mwenye nguvu kwenye mashavu ya miguu na anayeweza kuushika mwendo wake hadi mwisho. Anayemaliza mbio akitua kwa kisigino atakuwa amelipia vifuko asivyovigusa.

Nafasi ya tano: viatu vya siku moja

Adizero Adios Pro Evo 1, alivyovaa Assefa Berlin mwaka 2023, vina gramu 138. Adidas wenyewe walisema vimekusudiwa kwa marathoni moja na muda mfupi wa kuvizoea. Ni ghali mno, na kwa mkimbiaji wa kawaida sioni hoja ya kuvitetea. Pesa hiyo inunue jozi ya nafasi ya kwanza, na itakayobaki iende kwenye ada za mbio.

Vya kuachana navyo

Viatu vyembamba vya mashindano vya enzi zilizopita vimepitwa na wakati kwa umbali huu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akiwa pekupeku kwa 2:15:16, kisha akashinda Tokyo 1964 akiwa amevaa viatu, kwa 2:12:12. Bikila alikuwa Bikila.

Vya mkono wa pili vya kaboni navyo siviungi mkono. Sponji ya PEBA inachoka haraka: imewahi kupimwa baada ya kilomita 450 ikakutwa haina tena ubora wowote juu ya sponji ya kawaida ya EVA. Nje kiatu kinang'aa, ndani hakina kitu. Halafu kuna bandia. Bandia nyingi zinajengwa kwa sponji nzito, kwa hiyo mizani inazifichua. Tafuta uzito ambao mtengenezaji ametangaza na namba ya kiatu aliyoipimia, kisha pima. Kiatu kikizidi kwa gramu 40 au 50 usinunue.

Kukipima mguuni

Nenda jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, kwa sababu kwenye marathoni itavimba zaidi ya hapo. Vaa soksi zilezile utakazokimbilia. Nafasi ya mbele iwe upana wa kidole gumba cha mkono, na uipime kutoka kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili. Wengi wanaishia nusu namba juu ya viatu vyao vya kawaida.

Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani upapase pande zote, hasa nyuma ya kisigino na pale ulimi unaposhonewa. Ncha ya mshono unayoihisi kwa vidole vya mkono itakuwa kidonda kilomita ya 25. Ukishavaa, shuka ngazi au mteremko mfupi kwa kukimbia. Vidole vikigonga mbele, namba ni ndogo au kamba hazijashika. Kisigino kikichomoka, pitisha kamba kwenye lile tundu la juu kabisa ambalo watu huliacha wazi, ukaze tena. Kikiendelea kuchomoka, kiatu hicho si chako hata kama ni namba yako.

Ulizia pia tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Aliyezoea milimita 10 akihamia ghafla kwenye 4, mzigo unahamia kwenye kano ya nyuma ya kisigino na mashavu ya miguu. Ahamie taratibu, kwa wiki kadhaa.

Lini ununue

Wiki sita hadi nane kabla ya mbio ni muda mzuri. Ukivaa kiatu kipya mara tatu au nne, mara moja kati ya hizo kwenye mbio ndefu ya kilomita 25 ambazo 10 za mwisho unazikimbia kwa kasi ya mashindano, utakuwa umejua yote unayohitaji kujua, na bado una nafasi ya kubadilisha. Kiweke kwenye kilomita 50 hadi 80 kabla ya siku yenyewe. Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kiache kivulini. Jua kali na joto la karibu vinaharibu sponji na gundi.

Baada ya mbio kikague ubavuni. Mikunjo ya sponji ambayo haijafutika baada ya siku mbili za kupumzika inamaanisha kiatu kimemaliza kazi ya mashindano. Kihamishie mazoezi mafupi ya kasi, na jozi nyingine ianze kuzoeshwa.